Ushuhuda wa Kupona Nilioutoa Kabla ya Kupona

Niseme tu mapema ili tusizungushane: mimi ndiye yule binti wa mtaa wa Murara aliyejichafulia kanzu nyeupe ya korali, yaani kwaya, mbele ya kanisa zima, mchana kweupe, na kama ulikuwepo usijifanye hukuona, maana hata wapita njia waliona. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Leo naweza kucheka, ila nacheka nikiwa nimejifunika uso.

Kwanza mjue tumbo langu. Lilikuwa linaniuma miezi na miezi, naharisha damu, nakonda, wenzangu darasani wanarefuka mimi nimebaki pale pale, na Goma hapa ukisema tumbo kila mtu ana jibu tayari: amibe, wale wadudu wa tumboni. Nilikunywa dawa za amibe mpaka amibe wenyewe, kama walikuwepo, nadhani walihama mji. Kisha shangazi mmoja akasema hii si amibe, ni karuho, yaani kuna mtu mwenye wivu amenilisha sumu (wivu wa nini jamani, wa miguu ile myembamba?), nikanyweshwa majani machungu ili nitapike, nikatapika, na damu ikaendelea. Majirani wakaacha kula kwetu kwa kuiogopa hiyo sumu. Mwishowe tukafika kwa dokta wa watoto, mwanaume mpole wa sauti ya chini, akapima kinyesi, akapima damu, akanilaza kwa dawa ya usingizi na kupitisha kwa nyuma mpira mwembamba wenye kamera, halafu akatuambia utumbo mpana umejaa vidonda, na si mdudu wala sumu, ni kinga ya mwili wangu yenyewe inayoupiga utumbo kana kwamba ni adui.

"Ni ugonjwa wa kukaa nao," akasema. "Tutautuliza. Kuufukuza kabisa, hapana, nisiwadanganye."

Akanipa komprime, vidonge vya kila asubuhi, akaeleza kwa muda mrefu namna tutakavyozipunguza kidogo kidogo, na kwa nini mtu haziachi ghafla hata akijisikia vizuri. Mimi wakati huo naangalia ziwa dirishani (huo ndio ugonjwa wangu mwingine, kuota macho wazi). Maji yalikuwa meupe asubuhi ile, mtumbwi mmoja unakwenda kama hauendi, na maneno ya dokta yananipita juu ya kichwa kama redio ya jirani. Mama alinitegemea mimi nisikilize kwa sababu nimesoma, na mimi nilimtegemea Mama kwa sababu ni Mama.

Dawa ikafanya kazi. Damu ikakata, njaa ikaja ya ajabu, nikala, na mashavu yakavimba mpaka uso ukawa wa mviringo kama fromage, ile jibini ya Masisi. Dokta alikuwa ameshasema mashavu hayo yataletwa na dawa (nalo lilinipita). Lakini sisi ni watu wa Masisi, wafugaji, kwetu aliyenona amepona, ng'ombe ni hivyo na mtoto ni hivyo. Jumapili moja Mama Jeanne, kiongozi wa akina mama kanisani, akanishika mashavu yote mawili, akamgeukia Mama.

"Mama Espérance, angalia mutoto! Amenona! Mungu amemaliza kazi. Anapashwa kutoa ushuhuda."

"Lakini bado iko anakunywa dawa," Mama akasema.

"Mutu mwenye kupona anakunywa dawa ya nini? Ni kumwambia Mungu kama hatumuamini!"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Hakuna aliyenilazimisha. Jumatatu asubuhi nilimwaga komprime zote chooni, nikamwambia Mama nimeziacha kwa imani, naye akaniangalia yale mashavu, akatabasamu. Ushuhuda ukapangwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

Siku zile, sijui niwaelezeje. Nikawa mwepesi. Nikisimama, nyumba inazunguka polepole bila fujo, sauti za watu zinanifikia kutoka mbali, na yale mawe meusi ya volkano ambayo yametumalizia viatu maisha yetu yote nayaona laini, kama naweza kupita juu yake bila kuyagusa. Nikawaza, ehe, ndio utakatifu huu, kumbe watakatifu wanajisikia hivi! (Kumbe ni mwili unadai dawa yake.) Ijumaa tumbo likaanza kunikata. Nikaliambia linyamaze.

Jumapili ikafika. Bila kuniambia, Mama alikuwa amemwalika dokta mwenyewe ili ashukuriwe mbele ya watu, kwa hiyo alikaa kiti cha mbele, amevaa vesti, koti safi la suti, na pembeni yake fromage mbili na jogoo aliyefungwa miguu. Nikapewa mikro, kipaza sauti. Nikasema habari za damu, kanisa likasema haleluya. Nikasema habari za majani machungu, haleluya. Nilikuwa naelea, jamani, mwanga wa madirishani umekuwa kama maziwa, nawapenda watu wote, na kwa ule utamu nikaongeza nisichoulizwa:

"Na leo ni wiki mbili sijakunywa hata komprime moja!"

Ngoma zikalipuka. Uso mmoja tu haukushangilia. Dokta alikuwa amesimama nusu, mkono hewani, kama mtu anayeona mtoto anavuka barabara bila kuangalia.

Na tumbo likachagua dakika ile. Niliweka mikro chini nikakimbia katikati ya viti, nimejishika tumbo, na Mama Jeanne akapaza sauti, "Roho amemushukia! Musimuache peke yake!" Korali yote ikanifuata, akina mama wanapunga vitambaa, ngoma nyuma yao. Choo cha kanisa, kule nje, kimefungwa kwa kufuli (wapita njia wasikitumie), ufunguo anao mlinzi, na mlinzi yuko nyuma yangu anacheza. Nikalia, "Ufunguo!" Wakajibu, "Amina!" Nikalia tena, "Ufunguo, mbele ya Mungu!" Amina ikawa kubwa zaidi.

Kisha sikuwa na haja ya ufunguo. Nilisimama tu, mgongo kwao, na nilisikia ukimya ukianzia kwa waliokuwa karibu nami na kurudi nyuma mtu kwa mtu, mpiga ngoma akiwa wa mwisho kujua. Juu ya kanzu nyeupe ilikuwa damu nyingi. Nakumbuka moshi wa volkano angani, mzuri sana, unapanda taratibu, nikaona vema nilale niuangalie. Vesti ya dokta ndiyo iliyonifunika, na mikono yake ndiyo iliyoninyanyua.

Niliamka hospitalini na serumu, dripu, mkononi. Dokta hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema mwili wangu ulikuwa umezoea ile dawa na kuikatisha ghafla kungeweza kuniua pale pale madhabahuni, na utumbo ungetoboka wangelazimika kuukata.

"Mungu akiponya, mimi sikatazi," akasema. "Lakini munijulishe mimi kwanza, nipime."

Mama akalia. "Ni mimi, dokta. Nilitaka watu wamuone. Walikuwa wanatukimbia." Nilimhurumia Mama kuliko nilivyojihurumia, na nikaapa siku ile kwamba dawa siachi mpaka aliyenipa aniambie acha, na mikro sishiki tena.

Nimekitunza kiapo hicho. Ila miezi mingi baadaye nilikuwa soko la Kituku nanunua samaki, mama mmoja nisiyemjua akanivuta mkono.

"Ni weye ule binti wa kanisani, wa ile kanzu?"

Nilitaka ziwa linimeze.

"Walinielekeza kwako," akasema. "Mutoto wangu naye anatoka damu. Wanasema ni karuho."

Nyuma yake alisimama msichana ndani ya sweta kubwa, jua lote lile, mwembamba kama nilivyokuwa mimi. Alikuwa anaangalia samaki ili asiniangalie.

"Haukukufa na aibu?" yule msichana akaniuliza polepole.

"Nilikufa kabisa," nikamwambia. "Ona, niko hapa." Nikawaacha samaki, nikawapeleka kwa dokta.