Kwaya Mbili kwenye Kaburi la Baba

Gereji ya mtaa wetu wa La Rochelle, kusini mwa Afrika, ambamo kwaya yetu ya Warundi ilifanyia mazoezi ilinuka mafuta ya taa, kwa sababu wakati wa baridi waliwasha hita katikati na sisi watoto tukaizunguka na mablanketi mabegani. Baba alipiga ngoma. Mchana alikuwa mlinzi wa duka mtaa wa pili, Turffontein. Jioni alifika na sare yake, akaketi, akataniana na kila mtu. Ilikuwa mwaka 2009. Mwaka uliotangulia, wageni walipopigwa na kufukuzwa mitaani, watu hao hao wa kwaya walijifungia humo gerejini pamoja, wakala sufuria moja. Ndiyo maana hadi leo siwaelewi, wala sitaki kuwaelewa.

Waligombania uongozi. Mwalimu Deo alitaka kwaya iongozwe na waliotoka Bujumbura. Mama Yuditha, aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akasema watu wa kambini hawakuzaliwa kuitikia tu. Yakafuata matusi, kisha kila upande ukafunga kufuli lake kwenye mlango ule ule wa gereji. Baba alikataa kuchagua upande, basi pande zote mbili zikaacha kumsalimu. Alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, hakuna aliyekwenda kumwona isipokuwa jirani yetu Mzulu, aliyempelekea supu.

Alipokufa, walikuja wote. Jeneza likiteremshwa, Mwalimu Deo akaanzisha wimbo. Kabla hajamaliza ubeti, Mama Yuditha na wenzake wakaanzisha mwingine, kwa sauti kubwa zaidi. Wakashindana hivyo, mishipa ya shingo imewatoka, juu ya maiti ya baba yangu.

"Nyamazeni!" mama alipiga kelele. "Hospitali mlikuwa wapi?"

"Mama Neema, tumekuja kumwimbia ndugu yetu," Deo alisema.

"Ndugu yako alikuulizia mpaka siku anakata roho. Usimwimbie."

Tulimzika kwa sauti ya makoleo tu.

Sasa mimi ni mama wa watoto wanaojua Kizulu kuliko Kiswahili, na kwaya zile zimeungana tena. Wanapiga picha pamoja, wamevaa vitambaa vya aina moja. Mwezi uliopita Mwalimu Deo alinipigia simu kunialika kwenye sherehe yao.

"Yale yalishaisha, binti yangu," alisema.

"Nani alikuja kumwambia mama kwamba yameisha?"

Nikamkatia simu.