Nilidaka Mpira kwa Jina la Mdogo Wangu, Sasa Yeye Hana Jina

Admin, nifichie jina. Ukisoma mpaka mwisho utaona hata hilo unaloficha si langu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 47, kwenye makaratasi nina 39. Nina mke na watoto watatu, nauza jezi na viatu vya mpira hapa Kariakoo. Shule niliishia kidato cha nne, kwa hiyo mtanisamehe uandishi. Ujana wangu wote nilikuwa kipa. Siyo wa timu kubwa, msianze kunitafuta. Daraja la pili, mara la tatu, timu za mikoani ambazo mnalala madarasani, mnakula wali maharage, na mshahara ni "subirini kidogo vijana".

Nilipofika miaka 26 kuna timu ilinitaka, ila kocha akaniambia ukweli. "Mikono unayo, umri ndiyo umeenda. Viongozi wanataka vijana wa kuwauza mbele. Huna mdogo wako?" Enzi hizo kupunguza umri lilikuwa jambo la kawaida, mpaka tukawa tunataniana kambini nani umri wake ni wa mpira na nani umri wake anaujua mama yake tu. Nikaenda nyumbani kwetu, mtaa wa Gerezani hapa Dar, marehemu mama akafungua begi lake akatoa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Nimwite Shabani, siyo jina lake. Alikuwa na miaka 18, ameshaanza ufundi wa magari. Alicheka tu, akasema, "Chukua kaka. Ukitoka wewe tumetoka wote."

Sikutoka. Nilidaka miaka kumi kwa jina lake na hakuna timu ya maana iliyowahi kutuma mtu aje kuniangalia. Mashabiki wanakaa nyuma ya goli wananiambia, "Babu, wajukuu wamekuja kukuchukua." Bega likaharibika, uongozi ukaniacha kwa simu, nikarudi Dar na begi la glovu. Shabani aliwahi kuniuliza, "Kaka, kile cheti changu ulishaachana nacho?" Nikamwambia zamani, ule ulikuwa msimu mmoja tu.

Nilimdanganya. Akaunti ya benki ilikuwa kwa jina lake. Vilipokuja vitambulisho vya taifa nikapiga picha na kuweka vidole kwa jina lake, maana kila karatasi niliyokuwa nayo ilisema mimi ni yeye, nikaona nikianza kurekebisha nitafungwa. Leseni ya biashara, jina lake. Vyeti vya kuzaliwa vya wanangu, baba ameandikwa yeye. Kwa makaratasi, baba yao mdogo ndiye baba yao. Shuleni wanaitwa kwa jina la ukoo na mimi mtaani naitwa kwa jina la utani la mpira, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Shabani naye ni fundi, anashinda chini ya magari, laini ya simu alisajiliwa na mke wake. Hakuwahi kuhangaika na kitambulisho.

Mwaka huu rafiki yake akamtafutia kazi gereji Oman. Kazi ya mkataba, chumba anapewa. Ili apate pasipoti lazima awe na kitambulisho. Akaniomba nimsindikize ofisi ya vitambulisho, nikaenda, sijui nilikuwa nategemea nini. Tukakaa foleni tangu asubuhi ananisimulia atakavyoezeka nyumba yake akirudi. Tulipofika dirishani, dada aliyekuwa anahudumia akaangalia kompyuta yake, akasema, "Jina hili lina mtu tayari, na taarifa zote za wazazi ni hizi hizi. Vidole siyo vyako."

Shabani akacheka. "Sasa mimi nitakuwa nani, dada yangu?"

"Hilo ndiyo tunakuuliza wewe."

Nilikuwa nimesimama pembeni yake, bega kwa bega, bahati dada hakuinua macho kunilinganisha na picha. Nikafungua mdomo nikasema, "Watakuwa matapeli hao, siku hizi wanaiba kila kitu." Ndugu zangu, hilo neno ndilo linanila. Cheti nilipewa na mama, lakini hilo nililitoa mwenyewe. Tulipotoka nje akanishika mkono akasema, "Afadhali ulikuwepo kaka, mimi ningeonekana mwizi."

Nilienda kwa mwanasheria mmoja Upanga, nikajifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Akanitazama, akasema, "Huyo rafiki yako aanze kuzoea mahakama. Na huyo mdogo wake asitegemee kupata chochote karibuni." Wa Oman wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hata nikikiri leo, kazi imeshamponyoka. Nikisema atakosa kazi na kaka. Nisiposema atakosa kazi na atabaki bila jina mpaka anakufa.

Mke wangu anajua kila kitu. Nilipomwambia nataka kukiri akaniuliza, "Ukishasema, hawa watoto watakuwa wa nani? Na ukifungwa, nani atakaa pale kibandani?"

Sasa ofisi imemwambia Shabani alete ndugu wa damu aliyemzidi umri, aape kwamba huyu ndiye Shabani mwenyewe. Huyo ndugu aje na kitambulisho chake na atahakikiwa vidole. Baba hatukumjua vizuri, mama tumemzika Kisutu. Nimebaki mimi. Tunatakiwa Alhamisi. Nikiweka kidole pale itatokea sura yangu na jina lake, na yeye atakuwa amesimama pembeni yangu. Nimefikiria kusema naumwa. Nimefikiria kukimbilia mkoani, halafu nikakumbuka huko nako nitafika na jina lake.

Leo ameshanipigia mara mbili, anauliza kitambulisho changu nimekiona au nimekipoteza, maana anajua mimi ni msahaulifu. Nimemjibu bado nakitafuta. Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia kabla ya Alhamisi, na mngeanzia neno gani?