Harufu ya Korosho Inayoungua

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha afya huko Newala, nilipangiwa chumba cha vidonda. Nilitarajia majeraha ya mapanga. Nikakuta wagonjwa wa kisukari.

"Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa ya fahamu hufa," Matroni alinieleza. "Mguu hauumi tena. Ukiongeza presha na sigara, damu nayo haifiki vizuri. Usingoje mgonjwa alalamike, Sista. Mvue viatu."

Zilikuwa zama za ruksa, biashara huria ndiyo kwanza imefunguliwa. Soda zilijaa madukani, lakini vidonge vya sukari vikiisha kituoni, mtu alishuka Masasi kwenye maduka mapya ya dawa, au alikaa bila.

Baba Zainabu alikaa bila. Alikuwa mkulima wa Mnyambe, mvutaji sigara, aliyefiwa na mkewe. Bintiye alikuwa ameolewa mbali.

"Shikamoo, Baba Zainabu."

"Marahaba, mwanangu. Sina shida. Nimefuata vidonge tu."

Nilimvua kandambili. Unyayo ulikuwa umeungua hadi nyama ya ndani.

"Umeungua lini?"

Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. "Labda juzi, nilipokaanga korosho. Nilisikia harufu, nikadhani ndizo zinaungua."

Nilisafisha kidonda kila alipokuja, lakini kilizidi kuwa cheusi. Mganga Msaidizi alikipima, akanivuta kando. "Kimefika mfupani. Apelekwe Masasi, akatwe mguu."

Baba Zainabu hakubisha. "Mama Zainabu angeuona mapema," alisema. "Ndiye aliyekuwa akinitoa miiba."

Nilimsindikiza. Hapakuwa na ndugu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa nje ya chumba cha upasuaji. Alipona. Mwaka uliofuata, nikiwa nimehamishiwa Masasi, nilipanda Mnyambe wakati wa likizo kumjulia hali. Nilimkuta mlangoni na magongo yake. Hata kabla sijaketi, alininyooshea mguu uliobaki.

"Nitazamie, mwanangu. Tangu ulipoondoka hakuna aliyeutazama."

Ulikuwa mzima. Nilirudi na basi nikilia.

Nimestaafu sasa, naishi Chiungutwa. Wauguzi vijana wakinitembelea nawaambia: msiishie kupima sukari na presha na kukemea sigara, muulizeni mgonjwa anaishi na nani. Wananiitikia kwa adabu, wanapanda bodaboda, wanaondoka.

Kisukari kimenipata na mimi, kikaanzia machoni; nyayo zangu sizioni tena. Wanangu wako Dar es Salaam. Kila asubuhi naosha miguu, naikausha katikati ya vidole, kisha nakaa kizingitini nikisikiliza njia. Nikisikia baiskeli naita:

"Nani huyo? Una nafasi kidogo?"