Bolti Sita na Rangi ya Kucha

Pikipiki yangu ni kubwa, ya safari ndefu, na imezeeka. Mtu akiisifu hapa Kitengela mimi huona haya kidogo, kana kwamba nimesifiwa mwenyewe. Mafundi siwaamini, mimi hufungua na kufunga kila kitu kwa mkono wangu. Nikishakaza bolti, huichorea mstari mdogo kwa rangi ya kucha ya mke wangu, kuanzia kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, najua bolti imejizungusha. Rangi ni nyekundu, na humwishia mwenyewe haraka sana.

Mwaka huu binti yetu alijifungua Namanga, tukapanga kwenda Jumapili moja kumwona mjukuu. Kabla ya hapo tulifanya safari fupi fupi za Isinya, kuijaribu pikipiki. Safari ya kwanza tu, penye matuta, mke wangu akanigusa bega.

"Mzee, kuna kitu inagonga huku nyuma."

"Ni barabara."

Safari ya pili akasema tena, nikamjibu kwamba ni mgongo wake. Nilisema hivyo kweli, na sijivunii. Hata hivyo nilikaza mnyororo kimyakimya, asijue kwamba nimemsikiliza. Mimi mwenyewe sikuwa nasikia chochote. Nimevaa helmeti, injini inanguruma chini yangu, na anayekaa juu ya gurudumu la nyuma ni yeye.

Jumamosi, siku moja kabla ya safari, alitoka jikoni akanikuta nikikaza mnyororo tena, akasimama mbele yangu.

"Mimi sipandi hiyo kitu. Inagonga ukikanyaga breki tu. Ukiachilia, inanyamaza. Na wewe uko hapo na mnyororo!"

Nilikasirika, lakini maneno yale yalikuwa na akili ambayo mimi sikuwa nayo kwa wiki mbili. Injini ikiwa imezimwa, nikaisukuma pikipiki uani, naye akaandamana nayo akibonyeza kanyagio la breki ya nyuma kwa mkono. Ka! Nikasukuma tena. Ka!

Nilipiga magoti nikashika diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki ili gurudumu lisimame, nikaitikisa. Ikacheza. Haifai kucheza hata kidogo, imefungwa kwenye gurudumu kwa bolti sita. Niligusa ya kwanza kwa vidole, ikazunguka.

"Rangi yangu iko wapi?" akauliza.

Hakuna bolti iliyokuwa na mstari. Hapo nikakumbuka. Siku niliyobadilisha tairi niliivua diski nisije nikaipinda. Nikairudisha, nikaingiza bolti kwa vidole, nikaona heri nilete rangi kabisa kabla ya kukaza. Mke wangu akaninyima, amebakiza kidogo ya harusi ya mpwa wake. Nilirudi nimenuna, nikapachika gurudumu huku nikibishana naye kichwani, na zile bolti sikuzigusa tena.

Ningeweza kusema zimelegea zenyewe. Nilimwambia yote.

"Kwa hivyo umenibeba hivyo mpaka Isinya."

"Mara tatu," nikasema. Niliona aibu, na baada ya aibu ikaja hofu.

Nilienda mjini nikanunua bolti mpya sita, nikazikaza zote kwa spana. Akaja na chupa mpya ya rangi, akachuchumaa na kuchora mistari mwenyewe, polepole. Alipomaliza akanishika mkono, akanipaka ukucha wa kidole gumba.

"Hii ni yako. Siku ingine ukinuna ukiwa na spana, iangalie kwanza."

Tuliondoka asubuhi, ukucha mwekundu ndani ya glavu. Kwenye tuta la kwanza nilikanyaga breki, nikageuza kichwa.

"Inagonga?"

"Haigongi. Endesha."

Tulipopita Kajiado nikamuuliza tena. Niliendelea kumuuliza mpaka Namanga.