Mwarobaini wa Barazani

Saa sita mchana barabara ya sokoni pale Kilindoni ilinuka mchanga wa moto na samaki wakavu wa ng'onda, na mpaka leo harufu hiyo ikinijia nyayo zangu hujikunja zenyewe. Tukitumwa dukani tulikimbia kutoka upenu huu hadi upenu ule, na palipokuwa na pengo kati ya nyumba na nyumba ndipo tulipoungua. Watu wazima hawakutembea saa hizo. Wenye uwezo walipanda pikipiki hata kwenda msikitini, na wengine walishaanza kusema mjini hapakaliki, bora wahamie mashamba. Bibi yangu, aliyenilea katika nyumba ya bati jirani na soko, hakuwa na mpango wa kuhama. Aliuza vitumbua barazani, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa mali yake pekee.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mnazi ambao haukuwa wetu. Ulipandwa na babu yake jirani yetu, Mzee Haji, kabla nyumba haijajengwa, na kisiwani kwetu ardhi inaweza kuwa yako na mti ukawa wa mwenzio. Basi Mzee Haji alikatiza uani wakati wowote alioutaka, hata Bibi akiwa anafua na kanga moja kifuani, na akiulizwa alijibu, "Nimekuja kwenye mnazi wangu." Siku hizo Bibi alinuna mpaka usiku.

Ndipo akaja kijana wa ofisi ya mji na toroli la miche ya mwarobaini. Alieleza kwa upole kwamba wanataka mji utembeke, watu waweze kuishi katikati yake bila kukimbizwa na joto. Akachimba shimo kwenye kona ya baraza letu, kama alivyofanya kwa majirani, akapanda mmoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huo mti wa nani?"

"Wa serikali, Bibi. Wa watu wote."

Asingeweza kujibu vibaya zaidi. Alipoondoka, Bibi alichukua birika la maji ya moto akalimwaga shinani, mchana kweupe, bila haraka. Nilimwuliza kwa nini. "Wakishapanda watakuja kuutazama," akasema. "Wakizoea kuja, watasema na hapa wanaposimama ni pao." Haukupita muda miche ikakauka mtaa mzima, na kila nyumba ilisingizia mbuzi.

Ulipona mmoja tu, ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa Bi Zuhura, mpangaji wa chumba kimoja. Yeye hakuwa na ardhi ya kuibiwa, akaunywesha maji ya kuoshea mchele. Nilipofika darasa la saba kivuli chake kilikuwa kimefika katikati ya njia. Wanawake walisukia ukili wa mikeka pale, sisi tukacheza, na Bibi mwenyewe akahamishia vitumbua vyake huko huku akiukodolea macho ule mti. Sijawahi kupapenda mahali kama pale. Kisha mwenye nyumba akaja kutoka Dar es Salaam, akaukuta umati, akanywa chai kivulini na kuuliza maswali mengi mno. Kodi ikapanda. Bi Zuhura akahamia nje ya mji, chumba chake kikawa mgahawa. Bibi hakujigamba, alilia. Lakini tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa alikosea, na mimi nikakua nikimtazama mara mbili kila anayegawa kitu cha bure.

Leo mwarobaini ule umeshakatwa kupisha lami; barabara ina njia ya waenda kwa miguu, nzuri kabisa, na mchana haina mtu. Mwaka huu wamerudi na miche. Bibi, ambaye sasa magoti yamemchoka, alinituma nikachukue mmoja, akautia shimoni kwa mkono wake mwenyewe, akawaita muuza samaki na mke wa imamu waje waone nani amepanda. Umeshika, umenifika kiunoni. Juzi afisa mmoja alipita akaomba kuupiga picha. Alipomaliza, akafungua chupa yake ya maji akainama kuumwagilia.

"Picha piga, mwanangu," Bibi akamwambia. "Maji yako usimwage hapo."