Fundi wa Tangi la Hamira

Fundi wa maabara hapimi chochote kabla ya kuligusa tangi kwa kiganja, kama mama anayepapasa paji la uso la mwanawe, na mapovu huyasikiliza akiwa amefumba macho. Asubuhi moja mwanafunzi alimjia machozi yakimlengalenga: ameongeza sukari mara tatu, hamira haikui, na majibu yanatakiwa kesho. Fundi akacheka. “Mwanangu, hii haina njaa. Unamlisha mtu aliyezibwa pua!” Akaongeza kasi ya pangaboi linalokoroga tangi, mapovu makubwa yakapasuka yakawa madogo kama chenga za mchele, na hewa ikapenya majini. Mshale wa kipimo cha oksijeni ulipopanda, mwanafunzi alipiga kigelegele hadi mlinzi akaja mbio. “Rudi tu, ndugu yangu,” fundi akamwambia. “Tumejifungua salama.”