Keki ya Lozi Chini ya Meza

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwangalizi wa ukumbi mmoja Lewisham, London, na bado nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Msimamizi wangu, mama wa Kipemba, alikwisha kuniambia: "Mwanangu, mteja mmoja tu akilalamika, unarudi Hayes kwenye maghala." Sikutaka kurudi.

Jumapili ya mwanzo ya Januari ukumbi ulikodiwa na Wafaransa kama ishirini, watu wazima, wengi wenye mvi, ambao wakikutana hukaa bila nguo. Krismasi walishakula na jamaa zao, wamevaa. Hii ilikuwa sikukuu yao wenyewe. Niliwasha hita tangu asubuhi, nikabandika karatasi madirishani. Kila mmoja alikuja na taulo la kukalia. Aliyeshughulika na oveni alivaa aproni. Mimi nilitazama chini.

Baada ya chakula walileta keki bapa ya lozi, ambayo Wafaransa huila kila Januari. Ndani walificha kijisanamu cha udongo. Atakayekipata huvishwa taji la karatasi. Lakini ili pasiwe na upendeleo, mdogo wa umri kuliko wote huingia chini ya meza na kutaja kila kipande ni cha nani.

Katibu wao, bibi mrefu, akanijia.

"Kijana, una miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Basi ni wewe. Karibu chini."

Chini ya meza kulikuwa na miguu mitupu.

"Samahani, bibi. Siwezi."

Mzee mmoja akasema, "Mwacheni mtoto wa watu, atakufa kwa aibu." Wengine wakacheka. Katibu hakucheka, alishika kisu, akingoja. Nikaanza kuyaona maghala.

"Naingia jikoni," nikasema, "nafunga dirisha la kupitishia chakula. Huko siioni keki, wala…"

"Wala sisi!" akamalizia yule mzee.

Nikafunga.

"Hiki cha nani?" katibu akauliza kwa sauti.

Majina sikuyajua, wala nyuso. Nilichokuwa nimekitazama siku nzima ni mataulo.

"Cha taulo la kijani."

Wakapiga makofi.

"Hiki?"

"Cha taulo jeupe."

"Wenye jeupe tuko wawili!"

"Lile lililochanika."

Kicheko hicho nilikisikia hadi kwenye sinki. Taji lilimwangukia mwenye taulo lililochanika.

Jumanne msimamizi akanipigia simu. "Wale Wafaransa wameandika."

"Wamelalamika?"

"Wanautaka ukumbi mwakani, na wewe uwepo. Umewafanyia nini?"

"Niliwagawia keki," nikasema.

"Haya. Majaribio yamekwisha. Njoo uchukue funguo zako za ukumbi."